Hatukupata Ushahidi

Kuna mzee mmoja wa Balangdalalu ambaye simwamkii. Kwetu hilo ni jambo zito. Mtoto wa Mbulu hufundishwa shikamoo kabla hajajua kufunga kifungo cha shati, na mtu mzima anayempita mzee kimya huulizwa kama amelelewa na fisi. Mimi nampita kimya. Akija Mbulu mjini siku ya mnada tukakutana njiani, husimama na fimbo yake, ananyoosha shingo kuisubiri shikamoo yake, nami nampita nikimtazama usoni mpaka anaangalia chini mwenyewe. Watu wamenishtaki kwa mama yangu, kwa padri na kwa mkuu wangu wa kazi. Waendelee tu, kazi wanayo.

Mzee huyo alikuwa baba mkwe wa mdogo wangu. Watu wake walikuwa wa Tlawi kama sisi, lakini mashamba ya Tlawi yalipogawanywa mpaka yakawa vipande vya kupandia mboga, wakashuka Balangdalalu, kule Hanang, kutafuta ardhi. Na kama ilivyo kwa watu waliohama, walizishika mila za nyumbani kuliko sisi tuliobaki. Sisi tulikuwa tunaanza kuzilegeza kidogo kidogo, huku tukijifanya hatuoni. Wao walizikaza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Manyara kukatwa kutoka Arusha na kuwa mkoa. Nilikuwa na kazi Mbulu mjini, katika chumba kidogo chenye vitabu vya tiba na kompyuta moja iliyounganishwa na mtandao kwa waya wa simu. Mvua ikinyesha mtandao ulikatika, na kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia watafiti makala. Watu hudhani utafiti huanza na sindano na damu. Huanza na kutafuta: nani ameshauliza swali lako kabla yako, na alijibiwa nini.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni mtaalamu wa saikolojia kutoka Dar es Salaam, msichana mwembamba aliyevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi yetu. Tulimwita Daktari. Alikuwa anakusanya kila kilichoandikwa duniani kuhusu wanawake waliofiwa na watoto wachanga. Alinionyesha namna ya kulivunja swali vipande vipande, kisha kila kipande kukiandikia majina yake yote, maana kitu kimoja London wanakiita hivi na Lagos wanakiita vile. Majina ya kipande kimoja unayaunganisha kwa "au", vipande unaviunganisha kwa "na", na usichokitaka unakiondoa kwa "isipokuwa". Makala zikija, unachuja. Unasoma vichwa vya habari, unatupa. Unasoma muhtasari, unatupa. Zinazobaki unazisoma zote. Na masharti ya kutupa unayaweka mapema, kabla hujaona chochote, ili moyo wako usichague.

Sharti moja alilirudia mpaka nikaliota. Kisa cha mtu mmoja hatukichukui. Daktari alisema mtu mmoja anaweza kuumwa kwa sababu zake mwenyewe, na ukimfanya yeye ndiye ushahidi utawapotosha wengine wote. Niliona ni akili kubwa. Nililiandika kwa wino mwekundu nikalibandika ukutani.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa kibandani.

Mtoto wake wa kwanza alifariki kabla hata hajatolewa nje kuonyeshwa jua. Kwa Wairaqw, mwanamke aliyefiwa hivyo anakuwa amebeba msiba unaoweza kuwarukia wengine, ng'ombe wao na mimba zao na mazao yao, basi anajitenga. Tunaita metimani. Sitaki mtu asome hapa aseme sisi ni washenzi. Mama yangu alikaa metimani kabla sijazaliwa, na huwa anasimulia bila uchungu mwingi. Baba alijitenga pamoja naye, nyumba moja na moto mmoja. Walilala, walilia, waliliweka jembe chini kwa mara ya kwanza tangu waoane, na shangazi aliwaachia unga njiani. Siku ilipofika wakatoka wote wawili, kichwa cha kondoo kikaliwa, maisha yakaendelea.

Mume wa mdogo wangu alikuwa Mererani anachimba tanzanaiti, kama vijana wote wa wakati ule walioona shamba halilipi na serikali haiajiri. Kwa hiyo aliyejitenga ni mmoja. Na kutoka kunataka wote wawili wawepo. Mume asiporudi, mke hatoki. Baba yangu alipoombwa amrudishe binti yake Tlawi alikataa akiangalia pembeni. "Nikimvusha kwenye mashamba ya watu," alisema, "mvua ikikosekana nitaulizwa mimi." Alimpenda, sibishi. Aliwaogopa majirani zaidi.

Nilimwambia Daktari wazi kwamba nina mdogo wangu anayeozea kibandani, na kama kweli anasoma huzuni ya wanawake basi twende akaione. Tukashuka kwa basi, kisha tukaomba lori.

Mzee alitupokea vizuri mno. "Marahaba, marahaba, watoto wangu. Mmekula vumbi. Kaeni." Alikuwa amevaa koti la kaki la kazi. Zamani alikuwa msimamizi katika shamba kubwa la ngano la serikali, kule wataalamu walikokuwa wakijaribu mbegu katika vipande vidogo vilivyotiwa vibao. Mashamba yalipobinafsishwa alipunguzwa kazini, akarudi nyumbani na koti, buti, na heshima isiyokuwa na mtu wa kuipokea. Basi waliipokea watu wa nyumbani kwake, watake wasitake.

Mama mkwe sitamwelezea kwa urefu, hastahili. Alikuwa anaweka chakula juu ya jiwe, anagonga jiwe kwa fimbo kama anayemwita mbwa, anaondoka. Mama mmoja wa Kibarabaig, jirani yao, ambaye mila yetu haikumfunga, alikuwa akipita na maziwa na kukaa na mdogo wangu mlangoni. Walikuwa hawasikilizani lugha vizuri, lakini alikaa. Mama mkwe akamfukuza kwa matusi. Ndivyo mdogo wangu alivyopoteza mtu wa mwisho aliyemkaribia.

Kibanda kilikuwa nyuma ya zizi. Niliruhusiwa kufika kwenye uzio wa minyaa, si zaidi. Alitoka akasimama. Alikuwa amejifunga kanga kifuani kwa nguvu, imelowa sehemu mbili.

"Umekula?" nilimuuliza.

"Nimekula, dada."

"Umekula nini?"

Alifikiri sana. "Sikumbuki." Kisha akashika ile kanga. "Maziwa yanakuja tu. Hayajaambiwa."

Daktari alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akipenga makamasi. Nilitamani kumpiga, maana mimi nilikuwa nimejikaza.

Tuliporudi barazani, Daktari alimwomba mzee amwachie yule binti aende hospitali, hata nyumbani kwao. Alimwambia kwa adabu, kwa mikono miwili, kwamba kukaa peke yake hivi kunamharibu akili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Daktari, mimi si mtu wa giza," alisema. "Mimi nimefanya kazi na wataalamu. Mtu haji tu akasema mbegu hii mbaya. Anaonyesha utafiti. Sasa wewe unasema inaharibu akili. Imeandikwa wapi?"

Daktari alisema itabidi atafute.

"Haya. Mkatafute. Mkipata imeandikwa kwamba inadhuru, nitamtoa siku hiyo hiyo, kwa mkono wangu huu, na mume wake atanikuta nimemtoa." Akatuonyesha mkono.

Nilirudi Mbulu nikiwa na furaha ya kipumbavu. Kutafuta ndiyo ilikuwa kazi yangu! Dunia ina makala nyingi kuliko mchanga wa mtoni. Ingekuwaje nikose moja?

Nilivunja swali. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga, kipande cha kwanza. Kutengwa kwa mila, kipande cha pili. Afya ya akili, kipande cha tatu. Nikaviandikia majina yote niliyoyajua na niliyoyaokota kwenye kamusi: kutengwa, kufungiwa, mwiko, unajisi, karantini, upweke, eda. Nikaunganisha. Mashine ikafikiri, ikaleta sifuri.

Nikadhani mtandao umekatika. Nikarudia. Sifuri. Nikaongeza majina ya makabila, ya nchi, ya bara zima. Sifuri. Hospitali, shule za uuguzi, mabara yote yenye umeme usiokatika, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukaa akauliza kama mwanamke kama mdogo wangu anaumia.

Nikaondoa kipande cha kwanza, nikabaki na kutengwa na akili. Zikamwagika. Panya! Panya waliowekwa peke yao kwenye visanduku, wakaacha kula, wakajing'ata mikia. Nyani walionyang'anywa watoto. Wafungwa wa vyumba vya peke yao. Kumbe panya akitengwa dunia nzima inahuzunika, inaandika kurasa na kuchora michoro. Nilichapisha bahasha nzima nikampelekea Daktari mbio.

Alizisoma zote. Hilo simnyimi. Kisha akazirudisha mezani, zikiwa zimepangwa vizuri.

"Hizi hatuwezi kuzitumia."

"Kwa nini?"

"Panya si mwanamke. Na mfungwa si mama aliyefiwa. Masharti tuliyaweka wenyewe."

"Basi yabadilishe."

"Tukibadilisha masharti baada ya kuona matokeo, si utafiti tena. Ni kutafuta tunachokitaka."

"Ndiyo, ninatafuta ninachokitaka! Ninamtaka mdogo wangu!"

Akavua miwani. Nikamwambia aseme tu inadhuru. Nani kule Balangdalalu angefungua kompyuta kumkagua? Amwonyeshe mzee karatasi yoyote ya Kiingereza, hata ya nyani, aseme imeandikwa. Alilia tena, yule mtoto wa watu, akafuta miwani kwa ncha ya koti.

"Siwezi kusema nisichokiona," alisema.

Alikuwa mkweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa tapeli ningekuwa na mdogo wangu.

Tulishuka tena Balangdalalu. Njiani Daktari alifanya mazoezi ya maneno yake, midomo ikicheza. Mzee alikuwa ameandaa viti na kuwaita majirani, maana jambo la kitaalamu linataka mashahidi. Mama mkwe alisimama mlangoni na ufagio. Nilimwona mdogo wangu kupitia minyaa, ameketi chini, sikio kaelekeza kwetu.

Daktari alisimama. Alisema kwa Kiswahili chake safi cha mjini: "Tumetafuta kwa njia zote zinazokubalika. Hatukupata utafiti wowote unaoonyesha kwamba desturi hii inamdhuru mwanamke. Lakini, wazee wangu, hiyo haimaanishi kwamba..."

Mzee alikuwa ameshapiga makofi.

"Mmesikia?" aliwageukia majirani. "Mmesikia wenyewe? Wametafuta dunia nzima!"

"Baba, naomba nimalize. Kutokupata si kwamba—"

"Umemaliza vizuri, mwanangu." Alikuwa anatabasamu kwa upendo kabisa, na ndipo nilipoelewa kwamba mzee hatuchezei, wala hatuzungushi. Alikuwa ametuelewa kwa namna alivyofundishwa kuelewa. "Hata kule kwenye ngano ndivyo ilivyokuwa. Wataalamu wanaitafutia mbegu ugonjwa. Wanatafuta, wanatafuta. Wasipouona, mbegu imepita, inapandwa. Ni hivyo hivyo."

Kule kwenye ngano mtaalamu alikuwa ameipanda ile mbegu, ameimwagilia, ameikagua jani kwa jani kwa misimu, ndipo akasema sikuona. Sisi hatukuwa tumemkagua mwanamke hata mmoja. Tulikuwa tumeangalia kama kuna aliyekagua, tukakuta hakuna. Jaribu kumweleza hivyo mzee aliyeshapiga makofi mbele ya majirani zake. Daktari alijaribu. Kila aliposema "lakini", mzee aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtoto anayesoma salamu. Mimi nilipofungua mdomo aliniambia kwa upole nisimwaibishe mwalimu wangu.

Mama mkwe akapiga vigelegele. Naapa, alipiga vigelegele. Kisha ikaletwa nyama, na Daktari, ambaye hakujua namna ya kukataa chakula cha wazee, akala.

Nilikwenda kwenye uzio. Mdogo wangu alikuwa bado ameketi vile vile.

"Wamesema haidhuru, dada?"

"Hawakusema hivyo."

"Nimesikia." Hakuonekana kukasirika. "Basi ni mimi tu."

Nilimwambia mambo mengi pale. Nilimweleza kuhusu panya, kuhusu masharti, kuhusu sifuri. Nilikuwa napayuka na majirani wananitazama. Alinisikiliza kwa heshima kama mgeni, halafu akaingia ndani akaegemeza mlango. Hayo "basi ni mimi tu" ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake, na mdogo wangu hajafa.

Mume alirudi mvua za vuli zilipoanza, hana jiwe, hana hela, ana redio ya betri. Wakatolewa kwa desturi zote, kondoo akachinjwa, mama mkwe akafagia kibanda. Kijana alikaa na mke wake kwa muda mfupi sana. Alimsemesha, alimwashia redio, akampiga pia, nadhani ili aone kama atalia. Kisha akamleta Tlawi kwa miguu yake mwenyewe, akamwacha ukumbini kwa mama. "Siyo huyu niliyemwacha," alisema. Baba yangu, aliyekuwa anaogopa mvua, safari hii hakuulizwa na mtu yeyote, maana binti alikuwa ameshatakaswa.

Yupo hapo mpaka leo. Anapalilia ukimpa jembe, anaacha ukimnyang'anya. Kila asubuhi anachukua kanga anajifunga kifuani kwa nguvu, ingawa maziwa yalikauka zamani. Mama humfunga fundo vizuri kwa nyuma, ili asijiumize.

Daktari alikuja kumwona na kinasa sauti na kreti ya soda. Alikaa naye ukumbini siku nzima. Kinasa sauti kilinasa kuku wetu na mama akikohoa. Alimpima kwa maswali yake, akayajaza majibu kutokana na mama na mimi, akatuomba ruhusa ya kuandika. Mama alimuuliza kama kuandika kutamfanya binti aseme. Daktari akasema hapana, ila kutawasaidia wengine. Mama akasema basi andika, kwa sauti ya mtu anayempa ombaomba unga ili aondoke. Hakuna aliyemuuliza mdogo wangu, maana angejibu nini?

Mzee naye anaendelea vizuri, asante. Huwasimulia watu kwamba mila ya nyumbani kwake imepimwa na wataalamu ikapita. Kuna waliokuwa wamelegeza wakakaza upya kwa ajili yake. Siku moja mnadani aliniambia, mbele za watu, kwamba ananisamehe utovu wangu wa adabu kwa sababu ya elimu niliyowaletea. Nilimtemea mate kwenye buti. Sijutii, na mate yangekuwa mengi zaidi kama koo lisingekuwa limenikauka.

Makala ilipotoka, Daktari aliniandikia kunishukuru. Nilingoja mpaka wenzangu wametoka kwenda kula, nikakaa mbele ya kompyuta ile ile. Niliandika vipande vile vile vitatu, majina yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nje mvua ilikuwa inatishia, nikaomba waya usikatike. Mashine ikafikiri.

Safari hii haikuleta sifuri. Ilileta moja.

Mwanamke mkulima, wa nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, uzazi wa kwanza, mtoto hakuishi. Daktari na wenzake walimweleza vizuri, jina hawakulitaja, kanga waliitaja. Nilisoma mpaka mwisho. Kisha nikainua macho kwenye ile karatasi ya wino mwekundu iliyokuwa bado ukutani, nikashika kalamu na kuanza kuchuja kama nilivyofundishwa. Kichwa cha habari kinahusu. Muhtasari unahusu. Aina ya utafiti: kisa cha mtu mmoja.

Nikamtoa. Zikabaki sifuri.